Shilingi ya Dhahabu Iliyopauka

Kidole cha kwanza walichomvunja mume wangu kilikuwa kile cha kuonyeshea, cha mkono wa kushoto. Mugisho aliulaza mkono huo juu ya meza ya jikoni, kwenye kitambaa cha plastiki chenye maua ya zambarau, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi.

"Papa Aganze, dhahabu iko wapi?"

Birindwa, mume wangu, akasema hana dhahabu. Nyundo ikashuka.

Mimi nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia kutoka kazini, saa mbili kasoro dakika kumi, asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa bado na sare yangu ya bluu ya nyumba ya wazee, hapo Jeffersontown, na mkononi nimeshika mfuko wa mkate. Elisée alikuwa amejibanza nyuma ya mlango. Aliusukuma kwa kisigino ukajifunga, akaninyang'anya ule mkate, akachana mfuko kwa kisu chake cha kukatia makatoni na kuanza kula.

"Karibu, Maman," akasema, mdomo umejaa. "Ikala pale kwa kiti. Usipige makelele, majirani batawaza tuko na matanga."

Wote wawili nawajua. Elisée hupiga gitaa katika korali ya kanisa letu hapa Louisville, Marekani, na kazi yake ni kupanga mizigo ghalani. Mugisho nimemjua miaka ishirini na mitano. Kule Kamituga, kwetu Kongo, yeye na mume wangu walifanya kazi moja: kununua dhahabu kwa wachimbaji, chembe kwa chembe, na kuipeleka Bukavu kuiuza. Amekula kwangu sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, mara nyingi nisizoweza kuhesabu. Na bado aliniita kwa heshima, kwa jina la mwanangu.

"Mama Aganze, mwambie mzee aseme. Miye sipendi hii kazi ya nyundo."

"Hana dhahabu, Mugisho. Ni sarafu za zamani. Za Uingereza. Angalia kwenye droo."

Akaivuta droo. Zilikuwamo tatu, kila moja ndani ya bahasha yake ndogo ya karatasi ambayo Birindwa ameandika kwa wino mweusi jina la mfalme, mji na uzito. Ni senti za fedha za Waanglo-Saksoni, Waingereza wa kale, zina zaidi ya miaka elfu moja, nyembamba kama gamba la samaki. Mugisho alizimwaga kiganjani, akazitazama, akazirusha sakafuni.

"Bifuniko bya bia," akasema. Elisée akacheka.

"Bon. Mtu anafunga rideau mchana. Anawasha taa. Anatoa mizani, anapima na njiti za kiberiti kama kule kwetu. Miye mwenyewe niliona, siku ile ya matanga ya Mama Précieuse, nilipita hapa kwenu, mlango ulikuwa wazi kidogo. Halafu unaniambia ni franga za zamani? Mama, weye uko unanifanya mutoto."

Na ni kweli alivyoona. Kila Jumamosi Birindwa hufunga pazia ili jua lisimchanganye macho, kisha hupima sarafu zake. Mizani ya umeme anayo, lakini kwanza hupima kwa njiti, kwa mazoea ya mkono. Mtu yeyote wa Kamituga akimwona mzee ameinama hivyo na njiti zimepangwa mezani, atawaza kitu kimoja tu.

Nitaeleza kwa nini mume wangu alizipenda. Miaka sita iliyopita alikwenda kwenye maonyesho ya sarafu mjini Louisville na mzungu mmoja wa kazini kwake. Huko akaona senti ya mfalme Ethelredi yenye mikwaruzo miwili ya ncha ya kisu. Muuzaji akamweleza kwamba watu wa meli kutoka kaskazini, Waviking, walikuwa wakija kuchoma vijiji, na mfalme akawalipa fedha nyingi ili waondoke. Wao wakaichoma kila sarafu kwa kisu kuhakikisha siyo bandia. Wakaondoka, na baadaye wakarudi kudai tena. Birindwa alicheka mpaka watu wakageuka. "Lala salama!" akasema. Hilo ndilo jina la kodi ambayo watu wenye bunduki walitutoza kule kwetu kila mwezi ili tulale bila kuuawa. Tuliilipa miaka minne, na mwaka wa tano walituchomea nyumba. Aliinunua senti ile siku hiyohiyo.

Mugisho alivunja kidole cha pili. Birindwa alitapika kando ya kiti. Elisée akampiga teke la mbavuni kwa sababu matapishi yamemrukia kiatuni, kisha la pili bila sababu. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya kifua cha mume wangu. Baada ya hapo alipumua kwa upande mmoja tu, kama mlango unaokwama.

Ndipo Mugisho akanishika mkono mimi, akavikunjua vidole vyangu kwenye maua yale ya zambarau.

"Ziko Columbus," Birindwa akasema. Damu ilimtoka mdomoni, na jino alilolivunja kwa kukaza taya lilitoka nayo. "Zile nzuri ziko Columbus. Kwa Kendi. Na kuna moja ya dhahabu. Mwache mke wangu."

"Njo hivyo, Papa," Mugisho akasema, akaiweka nyundo mkandani. "Mbona ulikuwa unatusumbua?"

Walitupakia kwenye gari la Mugisho, mojawapo ya yale anayonunua kwa mnada na kuyauza tena. Mimi mbele, pembeni ya Mugisho. Birindwa nyuma, amefungwa mikono kwa utepe wa makatoni, kichwa chini ya blanketi. Elisée alikaa naye, kisu kimetulia shingoni. Mugisho naye alikuwa na bastola, chini ya paja la kushoto. Tulivuka daraja la Cincinnati jua likiwa juu ya mto, na mimi nilisikiliza pumzi moja tu, ya Birindwa. Ikichelewa, na mimi nilibana yangu mpaka irudi.

Kendi ni Mkenya, Mmeru, mhandisi wa kompyuta aliyekuja kusoma akabaki. Anakaa Westerville, upande wa juu wa Columbus. Walijuana na Birindwa kwenye chama cha wakusanya sarafu. Waafrika walikuwa wao wawili tu. Yeye ana kamera ya kupiga picha sarafu na sanduku la chuma lisiloungua moto, kwa hiyo sarafu kumi na nne za mume wangu zilikaa kwake pamoja na zake. Alifungua mlango akiwa na taulo kichwani.

"Mama! Surprise gani hii? Mngepiga simu, ningepika."

Kisha akaiona bastola. Alijaribu kufunga mlango. Mugisho alimpiga kwa kitako cha bastola hapa, juu ya sikio, akaanguka magoti, taulo likalowa damu.

"Dada, tuko na haraka," Mugisho akasema. "Mzee wako iko kwa gari na kisu kwa shingo. Fungua sanduku."

"Nani wewe? Mtaenda jela, nyinyi! Hii ni America, kuna camera kila—"

Akampiga tena. Nikamwambia Kendi, "Mwanangu, fungua. Watamuua." Alinitazama kwa jicho lililokuwa linafumba, akatambaa hadi kabatini, akafungua.

Mugisho alizipanga sarafu juu ya kaunta ya jikoni. Ndipo akatoa mfukoni kichupa cha asidi, kile kidogo chenye kifuniko cha mpira, ambacho wapimaji wa dhahabu hawatembei bila kuwa nacho. Akadondoshea tone kwenye senti ya fedha. Ilichemka, ukatoka moshi wa hudhurungi unaowasha pua, na uso wa mfalme ukaliwa mbele ya macho yetu. Kendi alipiga kelele kuliko alipopigwa yeye.

"Ni fedha! Ni silver, you idiot, asidi inakula silver!"

"Donc si dhahabu," Mugisho akasema, ametulia. Akadondoshea ya pili. Na ya tatu. Aliharibu tano namna hiyo, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechambua maharage mabovu.

Kisha akafika kwa ile ya dhahabu. Ni shilingi ya miaka elfu na mia tatu na zaidi, ndogo kuliko kifungo cha shati, na rangi yake ni njano iliyopauka, kwa sababu watu wa wakati ule walichanganya dhahabu na fedha. Mtu wa Kamituga akiona rangi hiyo anajua kitu kimoja: ameibiwa. Mugisho aliing'ata. Akaitemea mate. Shingo yake ilivimba.

"Wamechanganya! Hii iko nusu! Mzee mzima, miaka yote ya Kamituga, anaweka uchafu kama huu kwa sanduku la chuma? Hapana. Iko na ingine. Elisée atamkata sikio, atasema."

Alikuwa ameshatoa simu.

"Ngoja," Kendi akasema kutoka sakafuni. "Hiyo uliyoitemea mate ndiyo ya maana. Kuna mnunuzi Buffalo, Mzee Stanley. Ameitaka mwaka mzima. Dola elfu nne na mia tano, cash. Mpigie, uulize."

Alipigiwa. Mimi ndiye niliyezungumza, kwa Kiingereza changu cha kazini, bastola ikiwa begani. Mzee Stanley alifurahi, akauliza habari za Birindwa. Nikasema ana mafua. Akasema duka anafunga saa kumi na moja, lakini atanisubiri.

Mugisho alimfunga Kendi kwenye bomba la chini ya sinki, akamziba mdomo na kumfunga miguu, akaondoka na funguo za gari lake.

Toka Columbus mpaka Buffalo ni mwendo wa saa tano. Karibu na Erie tulisimama kwenye kituo cha mafuta, Mugisho akaniruhusu niende chooni. "Nenda, Mama. Ukichelewa, utatukuta na kazi moja imeisha." Nilipotoka, askari wa barabarani mwenye kofia pana alikuwa anaingia na kikombe chake. Akanishikia mlango. Kwenye dirisha la gari niliona mkono wa Elisée ukisogea chini ya blanketi. Nikamwambia yule askari asante, nikapita.

Nilimletea Birindwa maji. Elisée akayanywa yeye. Nikainua blanketi kidogo: midomo ya mume wangu ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu, rangi ninayoijua kazini. Nimeona wazee wengi wakifika pale. Nilijua hana siku nzima tena.

"Anahitaji hospitali," nikasema.

"Anahitaji elfu nne na mia tano," Mugisho akajibu.

Tulifika Buffalo saa kumi na moja na robo, jua bado kali. Duka liko kwenye mtaa wa nyumba za matofali, kati ya kinyozi na mahali pa kufua nguo. Mugisho aliegesha nyuma, kwenye uwanja wa magari, akamwambia Elisée mbele yetu sote ili tusikie vizuri.

"Dakika makumi mbili. Kama sijapiga simu, maliza yeye, endesha uende."

"Na pesa yangu?"

"Utanikuta. Lakini maliza kwanza."

Elisée akatikisa kichwa kukubali, huku anafuta kisu kwenye suruali yake. Nilitazama saa yangu. Tukaingia.

Mzee Stanley ni mrefu, amepinda mgongo, ana miwani ya kukuza iliyofungwa kwa kamba kichwani. Mugisho alijitambulisha kuwa mpwa wa Birindwa. Mzee aliipokea shilingi kwenye kitambaa cheusi, akainama juu yake muda mrefu sana. Dakika nne zilipita. Tano. Akasema ni nzuri kuliko ilivyo kwenye picha. Akafungua kijidroo, akaanza kuzipanga noti.

Hapo ndipo kila kitu kiliharibika. Badala ya kufurahi, Mugisho alikunja uso. Kule Kamituga mnunuzi asiyebishana bei ni mnunuzi anayejua kitu usichokijua. Ndivyo walivyomwibia Bukavu, miaka ile: duka moja lilimlipa haraka haraka, bila maneno, na baadaye akasikia dhahabu yake ilikuwa na thamani mara tatu. Hajawahi kulisahau. Sasa alimwona mzungu anatoa elfu nne na mia tano kwa gramu moja na kidogo ya dhahabu iliyopauka.

"Kwa nini habishani?" akaniuliza kwa Kiswahili. "Mama, kwa nini huyu habishani?"

"Chukua pesa, Mugisho. Dakika tisa zimeisha."

"Hapana. Kuna kitu. Minapima kwanza. Mbele yake, aone miye siyo mujinga."

Akatoa kichupa, akafungua kifuniko. Mzee Stanley alipoona ni nini, alipiga kelele na kuifunika shilingi kwa viganja vyake vyote viwili. Mugisho akamwambia atoe mikono. Mzee akakataa. Mugisho aliweka kichupa kwenye kioo cha kaunta, akachomoa nyundo, akampiga mzee begani. Mfupa ulilia. Akampiga tena kwenye mkono, kioo kikavunjika, na yule mzee hakutoa mikono. Akainua nyundo mara ya tatu, safari hii juu ya kichwa.

Kichupa kilikuwa bado kimesimama karibu nami. Nilikichukua na kumrushia usoni.

Sitaeleza sauti aliyoitoa. Nyundo ilianguka, bastola ikamtoka mkandani, nikaisukuma kwa mguu chini ya kabati. Alizunguka, akagonga ukuta, akajikwaruza macho kwa kucha zake mwenyewe. Nilimshika kola kwa nyuma. Nimezoea kuinua watu wazito. Nikamburuta mpaka kwenye kichumba cha nyuma ambako kuna sinki, nikakisukuma kichwa chake chini ya bomba na kufungua maji. Kazini walitufundisha: asidi ikiingia jichoni, maji yatiririke dakika ishirini bila kukatika.

Alipoyasikia maji akaanza kulia kama mtoto. "Aksanti, Mama. Aksanti. Usiache."

Nikatazama saa. Dakika kumi na nne zilikuwa zimeisha.

Nikafunga bomba.

"Mama! Maji! Mama Aganze, maji!"

"Mpigie Elisée."

"Macho yangu iko inaungua! Minakuomba, kwa jina la Yesu!"

"Mpigie Elisée amwachie Papa Aganze, halafu nitafungua."

Alijaribu kuinuka. Nilimlalia mgongoni kwa uzito wangu wote, mkono mmoja nimemkaba shingo, mwingine umeshika bomba. Alinitukana, akamtukana mama yangu, kisha akaanza kuniomba kwa jina la chakula alichokula kwangu. Ngozi ya shavu ilikuwa inageuka njano, na moshi mwembamba ulikuwa bado unatoka. Mimi nilihesabu kwa sauti, kama ninavyohesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika kwenye kupiga kelele zisizo na maneno, niliendelea kuhesabu.

Ndipo akatoa simu mfukoni, akanipa, hakuweza kuona namba. Nikabonyeza jina la Elisée.

"Mwache mzee!" akapaza sauti. "Mwache! Fungua mlango, toka, kimbia!"

"Vipi? Analipa?" Elisée akauliza.

"Kimbia, mujinga weye! Fungua mlango!"

Nilisikia kupitia simu mlango wa gari ukifunguka, na viatu vikikimbia kwenye kokoto. Nikafungua maji.

Sikuweza kutoka kwenda kumwangalia mume wangu. Nilikuwa nimesema nitafungua, na kama ningemwacha Mugisho pale angeinuka akatafuta bastola. Kwa hiyo nilisimama. Dukani Mzee Stanley alikuwa amekaa sakafuni, anaongea na polisi kwa simu ya mezani. Dakika tano. Sita. Nilisikia kitu kinakwaruza ukutani, polepole, kinasimama, kinakwaruza tena. Birindwa alitokea mlangoni na utepe mikononi, amejiegemeza kwa bega. Akaketi juu ya boksi la majarida. Alipumua kwa ule upande wake mmoja.

"Unamfanya nini?" akauliza.

"Namwosha."

Akatazama. Polisi walipoingia nilikuwa sijamaliza dakika ishirini. Niliwaomba wasubiri, na mmoja wao akanipokea kichwa.

Elisée walimkamata kesho yake kwenye kituo cha mabasi. Kendi alifunguliwa na polisi saa moja jioni ileile. Ana nyuzi kumi na moja juu ya sikio. Mume wangu walimtoa damu kifuani kwa mrija, lita moja na nusu, na vidole viwili vilikatwa kwa kuwa mifupa ilisagika. Mugisho ana jicho moja. Daktari aliandika kwamba lile lingine labda lingepona kama maji yasingekatika.

Ndiyo sababu mpelelezi alikuja hospitali wiki ya pili, na mwanasheria wangu akakaa pembeni ya kitanda cha Birindwa. Mzee Stanley alikuwa ameshaandika maelezo yake: kwamba aliona kila kitu, na maji hayakufungwa hata mara moja. Pale alipokuwa ameketi asingeweza kuliona sinki. Mwanasheria alinieleza taratibu, mara mbili, kwamba sina haja ya kuongeza neno.

Mpelelezi akauliza, "Mama, bomba lilifungwa?"

"Ndiyo."

Mwanasheria akafumba macho.

"Kwa muda gani?"

"Nilihesabu mpaka tisini na nne."

Akaandika. Kalamu yake ilikuwa inakwaruza karatasi. Birindwa aligeuza kichwa kwenye mto, akaniuliza kwa Kiswahili, ili wale wasielewe:

"Mama Aganze, ulihesabu mbio ao polepole?"

"Polepole," nikasema. Naye mpelelezi akauliza tumesema nini, nikamtafsiria.